Nimelipia Safari ya Matema, Wakaniacha Getini kwa Sababu ya Mkwe

Admin, kama wewe ni kijana, marahaba. Kama ni mzee mwenzangu, habari za huko. Jina langu lifiche. Nina miaka sabini na mbili, mkulima wa viazi hapa Uyole, Mnyakyusa mzaliwa wa Tukuyu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nimesomesha watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ada. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi zikiruka mnivumilie.

Kwa asiyejua, kwetu mke wa mwanao haonani na wewe baba mkwe. Akikuona njiani anakata kona. Hampandi gari moja, hamkai sebule moja, hamsemeshani, mpaka siku wewe mwenyewe utakapotoa zawadi ya heshima mbele ya ndugu, umfungulie. Siku hizi wengi wanatoa haraka yaishe. Mimi sikutoa. Mke wangu alimkimbia baba yangu miaka tisa na hakufa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu anayekaa Iringa, ni Mhehe, lakini mke wangu alimfundisha akashika kuliko wasichana wetu wa hapa. Mwaka wa sita huu nakula ugali wake akija, na sura yake nikikutana nayo sokoni Mwanjelwa siijui. Hilo nilikuwa najisifia kwa wazee wenzangu.

Sasa Pasaka watoto wakaja na wazo tukapumzike Matema siku tatu, familia nzima. Bahari ya Dar ni mbali, sisi bahari yetu ni Ziwa Nyasa, asubuhi unatoka Uyole mchana unakanyaga mchanga. Mimi na uzee huu mguu wangu haujawahi kuingia ziwa lile. Binti yangu mkubwa, ni nesi, akatoa daftari agawe michango. Nikamwambia funga hilo daftari. "Mishahara yenu inaisha tarehe kumi. Gari na nyumba ya kulala ni juu yangu!" Wakapiga makofi. Nikauza viazi gunia kumi na tano, nikampa laki tisa mkononi. Wao waliongeza mchele na mafuta ya kula, basi.

Wiki moja kabla ya safari wakaja tena wote, na daftari. "Baba, hesabu imegoma," binti akasema. Sisi ni saba tu pamoja na mjukuu wa Iringa, Noah moja inatosha. Lakini mkwe hapandi na mimi, kwa hiyo Noah mbili. Kuna nyumba ya ufukweni ya vyumba vinne kwa bei nzuri, ila sebule ni moja, kwa hiyo nyumba mbili. Jiko mbili, mkaa mara mbili.

"Na kuoga ziwani, Baba?" mdogo wao akadakia. "Wewe asubuhi, wifi jioni? Tuwagongee kengele?"

Wakacheka. Mwanangu wa Iringa hakucheka. Akasema, "Baba, mfungulie mke wangu. Hata kwa jogoo. Twende gari moja."

Nikamjibu, "Mila ya baba yangu siiuzi kwa nauli ya Noah. Ongezeni hela."

"Hatuna, Baba."

"Basi tafuteni."

Wakasema sawa. Nikajua nimeshinda.

Ijumaa asubuhi nimeshavaa, Noah moja ikasimama getini. Nikauliza ya pili iko wapi. Mwanangu akashuka, akanishika mkono kama mtu anayeleta msiba. "Baba, laki tisa imetosha gari moja na nyumba moja. Tumekaa tukakubaliana. Wewe tutakupeleka mwakani, safari yako peke yako."

"Kwa hela ya nani mnaondoka?"

"Yako, Baba. Ndiyo maana nakuomba radhi."

Mke wangu akatoka ndani na kitenge kipya, begi mkononi. Nikamwuliza, "Hata wewe, Mama?" Akasema bila kunitazama, "Miaka tisa nilikaa nyuma ya nyumba kwa ajili ya baba yako. Hukuniuliza hata siku moja kama nimechoka. Ugali uko kwenye hotpoti."

Gari likageuza. Siti ya nyuma nikaona mtu ameinama, amejifunika khanga kichwa kizima. Ni mkwe. Ananiheshimu hata wakati anaondoka na nafasi yangu!

Siku tatu sikutoka getini. Jirani akiuliza nasema mgongo unauma. Waliporudi nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini binti yangu akaniwahi. Akaniambia, "Baba, usimchukie wifi. Yeye alisema abaki Iringa na mtoto, wewe uende, kwa sababu safari ni yako. Alilia. Mama ndiye aliyekataa."

Tangu hapo nimekosa amani. Mke wangu amehamia chumba cha wageni, ananijibu ndiyo na hapana. Jumapili ya wiki ijayo mwanangu analeta familia hapa, na mkwe atajificha jikoni kama kawaida. Zizini nina mtamba mzuri wa kumfungulia mkwe, wanaojua ng'ombe wataelewa. Nikimtoa, watoto watasema walininyoosha, na wazee wenzangu watasema nimeuza mila ili nikaoge ziwani. Nisipomtoa, namwadhibu binti wa watu ambaye katika nyumba nzima ndiye pekee aliyetaka niende.

Wenye kuniita mkaidi wasijisumbue, nimeitwa hivyo tangu ujana na mashamba nimepata. Wenye wakwe, wenye ndoa za miaka mingi, nishaurini ninyi. Mtamba nimtoe au nisimame nilipo? Na nikimtoa, mtu ambaye kwa miaka sita sijamsemesha hata neno, naanza kwa kumwambia nini?