Maharamia Chumbani Mwetu

Bwana yangu hakuwahi kuiona bahari, na mimi pia sijaiona. Yeye alizaliwa upande wa Kabambare, mimi hapa Kasongo mjini, na maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua ni ya Lualaba, ambayo tuliivuka pamoja kwa mtumbwi tukienda kwenye harusi ya ndugu yake. Hata hivyo, mwaka wa mwisho wa maisha yake tuliumaliza baharini. Kila siku, saa nane mchana, plake ya umeme wa jua ikishajaza batri, nilikuwa nafunga mlango wa mbele, naingia chumbani na mashini yangu ya kompyuta, tunasafiri mpaka mashini izime yenyewe.

Alikuwa mchimba dhahabu kule Lusangi. Asubuhi moja shimo liliporomoka. Wenzake wawili waliokuwa mbele yake walifia humo humo. Yeye alikuwa nyuma yao, karibu na mlango, wakamvuta nje akiwa hai lakini kiuno kimevunjika. Walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana, mpaka mahali pikipiki zinapofika, na kutoka hapo akaletwa Kasongo amefungwa kwa vitenge kwenye mgongo wa dereva. Hospitalini daktari aliniita pembeni.

"Mama, nitakuambia kweli," alisema. "Miguu haitarudi."

Nilirudi kitandani kwake. Aliniuliza daktari amesema nini, nikamjibu amesema tule vizuri. Alinitazama, kisha akageuzia uso ukutani. Alikwisha kujua.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mungu hakutupa mtoto, na ndugu zake walikuwa mbali. Mimi naishi kwa kuandikia watu. Chumba cha mbele nina meza, mashini moja na printa moja. Naandika barua, maombi ya kazi, mitihani ya shule. Mashini ilikuwa ya kazi tu. Mchezo uliletwa na yaya yangu, kaka yangu mkubwa anayetengeneza mashini kule Kindu. Alikuja kumwona mgonjwa, akakaa siku tatu, akaona namna shemeji yake alivyokuwa anahesabu fito za paa kuanzia asubuhi. Kabla ya kuondoka akaingiza ule mchezo.

"Siku iko ndefu kwa mutu wa kulala," aliniambia. "Umuache acheze."

Mchezo wenyewe uko hivi. Wewe ni baharia. Maharamia wameizamisha meli yenu, na mawimbi yamekutupa kwenye kisiwa kisicho na watu, una kisu na nguo uliyovaa. Pembeni kuna alama tatu: njaa, kiu na damu. Ikiisha moja, umekufa. Ukiishi, unakata miti, unajenga chombo, unatoka kwenda visiwa vingine, na mwishowe unapambana na wale waliokuzamisha. Maandishi yake ni ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, kwa hiyo tulijifunza kwa picha na kwa kufa.

Kucheza peke yake hakuweza. Vidonda vya mgongoni vilimlazimu alale kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto ukiwa umebanwa chini ya mwili. Basi yeye alishika suri, kile kidude cha kusogeza mshale, akawa anageuza macho ya yule baharia na kupiga shoka au upanga. Mimi nilikaa mkekani kando ya kitanda na kubonyeza herufi za kutembea. Alikuwa akiniambia mbele, nyuma, ruka. Nilikosea sana. Siku ya kwanza nilimtembeza yule mtu hadi akaanguka kwenye genge, akafa, na bwana yangu akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko chake tangu wamlete kutoka Lusangi. Nilijifanya naendelea kutafuta herufi ili asiuone uso wangu.

Siku za mwanzo kiu ndiyo iliyokuwa inatuua. Baharia aliinama ufukoni, akanywa, na alama ya kiu ikazidi kushuka.

"Maji yote haya," bwana yangu alisema, "na mutu anakufa na kiu?"

"Ni ya chumvi. Tulisoma shuleni."

"Yote?"

"Yote, baba."

Alifikiri. "Sasa watu wa kule wanakunywa nini?"

Tulikuta jibu siku ya nne: kijito kilichokuwa juu kabisa, nyuma ya mawe. Yeyote atakayeucheza mchezo huu ajue hivyo, atafute maji kabla ya kitu kingine, na apande, asizunguke pwani kama sisi. Nyama ya papa asiile mbichi. Kibanda asijenge karibu na ufuko, maana siku ya dhoruba bahari inapanda na kukizoa pamoja na akiba yake. Akiona tanga jeusi asingoje kujua ni la nani. Akimbilie maji mafupi yenye mawe, meli kubwa haitamfuata huko. Na akipata sanduku la mali asipakie yote. Chombo kizito kinageuka polepole, na wakati wa kufukuzwa kugeuka haraka ndiko kunakookoa. Hilo tulilikubali baada ya kuzama mara sita au saba, kwa sababu mchimbaji hajui kuacha dhahabu chini.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Kwenye kukata miti hakuwa na mwisho. Chombo kikihitaji mbao ishirini, yeye anataka sitini. Tulijaza kibanda, tukajaza na pwani.

"Baba, inatosha," nilimwambia siku moja. "Twende."

"Kata tena."

"Mashini itazima tukiwa bado hapa."

"Nimesema kata tena!"

Tangu tuoane hakuwahi kunipigia kelele. Nilimpeleka baharia kwenye mti mwingine, tukakata tena.

Baada ya miezi kadhaa tulikuwa na meli ya milingoti miwili, na kwenye kisiwa chenye soko tuliweza kuchukua mabaharia wa kutusaidia. Tulichukua wanne. Walikuwa watu wa picha tu, wamevaa vilemba vyekundu, hawasemi kitu, lakini kazi walifanya, na safari ikawa nyepesi. Siku ya tatu dhoruba ilitukuta katikati. Mlingoti ulivunjika. Mbao za kuutengeneza zilikuwepo, muda ndio haukuwepo, na wimbi moja likawafagia wote wanne. Sisi tukabaki.

"Haidhuru," nilisema. "Tutarudi pale tulipohifadhi mchezo, tuanze tena na hao hao."

Alikuwa ameiachia suri.

"Funga mashini," alisema.

Kesho yake tulianza tena, lakini tulipofika kwenye kile kisiwa cha soko alikataa tusichukue mtu. Nilimweleza kwamba peke yetu hatutavuka, upepo ni mkali, tanga ni kubwa. Akatikisa kichwa.

"Miye sitapeleka mutu tena."

"Ni mchezo, baba."

"Najua ni mchezo." Akasema bila kunitazama, "Miti ya kushikilia shimo ilikuwa kazi yangu. Kukata, kupima, kusimamisha. Ile asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa muzito. Wale wenzangu wawili walisimama pale mulangoni, yule mudogo kati yao akaniuliza, 'Mukubwa, miti inatosha?' Nikamwambia inatosha, muingie. Haikutosha. Nilikuwa nimeona haitoshi. Nilichoka kukata. Ni hivyo tu. Nilichoka."

Nilitaka kumwambia ni kazi ya Mungu, lakini nilimtazama na kuona kwamba hilo ndilo asilotaka kusikia. Nilimshika mguu, kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba mguu hausikii, nikamshika mkono. Hatukusafiri siku hiyo.

Kiangazi kilipoingia tulipata mgeni kutoka Wamaza. Alikuwa mama wa yule mdogo aliyekufa shimoni. Nilikuwa sijamwona hata siku moja. Alikuwa mwembamba, mwenye msalaba mdogo shingoni, miguu imejaa vumbi kwa sababu alitembea kipande kirefu kabla ya kupata pikipiki. Alituletea karanga ndani ya kikapu. Nilimwingiza chumbani, nikampa kiti, nikataka kufunga mashini. Bwana yangu akanizuia kwa mkono. Kwenye kioo baharia wetu alikuwa amesimama na shoka.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni muchezo, mama," alijibu bwana yangu.

"Anafanya nini?"

"Anakata miti."

Mama alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Hapo bwana yangu akajiinua kidogo kwa kiwiko, jambo lililomuumiza sana, akasema, "Mama, mutoto wako aliniuliza kama miti inatosha. Ni mimi nilimwambia inatosha. Haikutosha, na nilijua."

Hakulia. Alikaza kitenge chake kiunoni. "Wachimbaji wengine waliniambia kwenye kilio," alisema. "Nilikuja nione kama utasema wewe mwenyewe."

"Nimesema, mama."

"Ndiyo. Umesema."

Bwana yangu alingoja. Mimi pia nilingoja, nikitamani kumpigia magoti anipe lile neno tulilolihitaji nyumbani mwetu. Badala yake aliinua pua, akaniuliza jiko liko wapi. "Sombe yako inaungua, mwanangu," alisema, na kweli yale majani ya muhogo yalikuwa yanaungua. Akatangulia nje, akaepua chungu, akahamishia sombe iliyo nzuri kwenye chungu kingine bila kugusa iliyoshika chini, akaongeza mawese. Tulikula watatu, sahani ya bugali juu ya kigoda kando ya kitanda. Alikula kidogo. Alilala kwetu, na asubuhi alipokuwa anaaga bwana yangu akamwita.

"Mama, unisamehe."

Alisimama mlangoni na kikapu chake kitupu. "Bado," alisema. "Lakini nitakuja tena."

Nilimkasirikia mwanamke yule njia nzima ya kumsindikiza, na sikumwambia. Lakini niliporudi nilimkuta bwana yangu amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka shambani. Toka siku ile kelele za miti zilipungua. Tulikata arobaini badala ya sitini. Mabaharia hakuchukua kamwe, na meli yetu kubwa tuliiacha, tukawa tunakwenda na chombo kidogo cha tanga moja, tukipita kando kando ya visiwa. Hatukupambana na wale maharamia. Hatukuwafikia.

Mvua ziliporudi alipata homa. Vidonda vilikuwa vimefika kwenye mfupa, na mkojo ulikuwa unatoka na damu. Hospitalini walifanya waliyoweza. Siku ya tano aliniuliza tumekiacha wapi chombo. Nikamwambia kiko kwenye kisiwa chenye maji.

"Iko na mbao?"

"Ziko nyingi, baba."

Alifumba macho. Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nilikuwa bombani nafua shuka yake. Muuguzi alikuja akasimama karibu nami. Aliichukua ile shuka mikononi mwangu, akaikamua yeye mwenyewe, akaikunja. Ndipo nikajua. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, na ardhi ilikuwa laini kwa mvua, wanaume hawakuchukua muda kuchimba.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake wakiwa wamejaa uani, mama wa Wamaza aliingia. Alikuwa ameloa mpaka kichwani. Watu walidhani amekuja kwa habari ya kifo, lakini haikuwa hivyo. Alikuwa ametoka kwake siku mbili kabla, na habari alipewa njiani na dereva wa pikipiki. Alikuja akakaa kwenye mkeka wangu, akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia.

"Nilikuwa njiani," alisema. "Nilikuwa nakuja kumuambia."

"Kumwambia nini, mama?"

Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Nilimshika mkono, nikamuuliza tena, kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie.

"Ni neno lake," alinijibu. "Haiko lako, mwanangu. Ningekupa, lakini haiko lako."

Alikaa nami siku saba. Kila asubuhi tulichota maji pamoja na kuchambua mchele wa wageni kwenye ungo mmoja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Sikumuuliza tena.