Fundi Aliyekataa Kuzungushia Mpira

Saa mbili asubuhi fundi amepiga magoti kwenye tope nyuma ya nyumba ya watu, spana mkononi, ndita usoni. Koki ya nje inavuja. Shingoni imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama kidonda cha mguu kilichofungwa bandeji. Chini yake sakafu imeota ukoga wa kijani.

"Nani alifunga uchafu huu?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Fundi," anajibu mwenye nyumba, mikono mfukoni. "Tena fundi mwanaume."

Fundi huyu wa leo ni mwanamke; mtaani wanamwita Mama Spana. Anachomoa kisu, anakata mpira kwa mkupuo mmoja na kuutupa miguuni pa bwana yule.

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameipitisha kwenye mabomba. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa mfagizi katika karakana ya chuo cha ufundi. Alifagia vipande vya chuma huku masikio yakiwa kwa mwalimu, na wanafunzi walipotoka kula, alibaki akifungua na kufunga walichokiacha mezani.

"Nilipoomba nafasi ya kusoma, mkuu wa chuo alicheka mpaka akakohoa," anasema. "Akaniambia, 'Mama, ufagio wako umekosa nini?' Maneno yale hayajanitoka rohoni mpaka leo."

Leo anafunga koki kuu barazani, anarudi na kuifungua ile mbovu. Washa, kile kipete cha mpira cha ndani, imeliwa, lakini ugonjwa hauko hapo. Ukuta chini ya koki umelowa hadi plasta inamomonyoka kwa kidole. Kiwiko cha bomba kimepasuka ndani ya ukuta.

"Hapa tunabomoa," anasema.

"Tunabomoa nini? Weka washa, funga, uende zako. Rangi ile ni mpya!"

"Baba, washa naweka kwa dakika tano. Wiki ijayo maji yatatokea chumbani."

"Nitaita mwingine."

"Mwite. Nimehesabu tabaka: watatu wameshakuja, kila mmoja kaongeza mpira wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameziba ufa kwa tyubu!"

Sauti yake imepanda hadi jirani anachungulia juu ya ua. Anaanza kurudisha vifaa kwenye mfuko, kimoja kimoja, kwa kishindo. Ana watoto wanne na kazi hii ndiyo pekee aliyoipata tangu Jumatatu, lakini mfuko anaufunga.

Mlango wa jikoni unafunguliwa. Anatoka bibi kizee akiegemea gongo, mguu mmoja ukiburuzwa. Ni mama mzazi wa mwenye nyumba.

"Shikamoo mama," fundi anasema, hasira ikimezwa kidogo.

"Marahaba mwanangu. Unaona mguu huu? Niliteleza hapo hapo uliposimama, nachota maji ya kuoshea vyombo. Nyonga ikavunjika. Miezi minne kitandani." Anamgeukia mwanawe. "Nilikwambia koki inavuja. Ukaniambia ni matone tu."

"Mama, lakini rangi..."

"Rangi ndiyo iliyokuzaa?"

Bibi anaunyooshea ukuta gongo lake. "Bomoa, mwanangu."

Mama Spana anabomoa. Tindo linaingia, plasta inaruka, na kila pigo lina mtu wake: mkuu wa chuo, mafundi wa tyubu, mwenye nyumba. Anakata kiwiko kilichopasuka, anafunga kipya, anazungusha utepe mweupe kwenye nyuzi za bomba na kukaza koki ya shaba. Maji yanapofunguliwa, anapapasa kiungo kwa kiganja. Pakavu. Kisha, bila kuombwa, anachukua brashi ya chuma na kusugua ukoga wote hadi saruji inaonekana.

"Watu wanadhani nina hasira na maji," anasema akijifuta jasho. "Maji hayana kosa. Hasira yangu ni kwa anayemwona mama yake akipita kwenye utelezi kila siku, akanyamaza."

Mwezi ujao atafanya mtihani wa ufundi bomba, katika karakana ile ile aliyokuwa akiifagia. Mara mbili fomu yake ilirudishwa kwa kukosa barua ya mwalimu. Safari hii barua imepatikana, na fomu imepokelewa.

"Wakinifelisha, nitarudi," anasema, akitupia mfuko begani. "Wakinifelisha tena, nitarudi tena. Watachoka wao."