Kiti cha Mama Mkwe

Gari nililonunua Bunda lilikuwa linaongea Kijapani. Ukiwasha tu, mwanamke asiyeonekana alikusalimu kwa sauti ya upole, akasema maneno mawili matatu, kisha akanyamaza. Kwenye skrini ilitokea ramani, na kwenye ramani hiyo mimi nilikuwa doa jekundu katikati ya bahari, sina barabara wala kisiwa, ila nakwenda. Dalali aliniapia kwamba vijana wa Mwanza wataibadilisha kwa dakika kumi. Mpaka leo haijabadilishwa, nami nimeacha kuulizia. Kuna asubuhi nikitoka kwangu Kamunyonge, Musoma, kwenda shuleni kufundisha nalitazama lile doa jekundu likisafiri peke yake kwenye maji ya buluu, naona ramani hii inanijua kuliko watu wengi.

Lakini sikulinunua kwa ajili ya ramani. Nililinunua kwa ajili ya kiti.

Kiti cha mbele, upande wa abiria, kilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa huko lilikotoka. Unafungua mlango, unabonyeza rimoti yenye waya, na kiti kinageuka na mtu wake, kinatoka nje taratibu, kinashuka mpaka miguu inagusa ardhi. Mtu anapanda na kushuka bila kubebwa na yeyote. Nilipokiona kwenye picha katika simu ya dalali, sikulala vizuri siku tatu. Nilikuwa namwona mama mkwe wangu akishuka kutoka juu, ameketi, mikono mapajani, na gauni lake la kanisani.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, kwa ugonjwa uliomchukua kwa wiki tatu tu. Tulimzika kwetu Murangi, ubavuni mwa nyumba ya wazazi wangu ambayo siku hizi imefungwa, mahali ambapo ukikaa kimya unasikia ziwa. Mama yake hakuja kuzika. Mwaka mmoja kabla ya msiba huo miguu yake yote miwili ilikuwa imekataa, naye alikuwa anashinda kwenye kiti cha magurudumu nyumbani kwake Butiama. Kumpandisha garini kulitaka mtu wa kumbeba. Ni mama wa mwili, si wa kunyanyuliwa na mkaza mwana wake mwembamba anayeishi naye. Mwanawe wa kiume yuko machimboni, mbali. Mwenye nguvu na nafasi nilibaki mimi, na mimi ni mkwe.

Kwetu huku mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe. Hamgusi mkono, hali naye chakula, hamtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni na kuangalia mashamba. Miaka kumi na minne ya ndoa yangu sikuwahi kusema na mama yule neno moja la moja kwa moja. Nikifika, nilisimama kwenye zizi nikawaangalia ng'ombe. Yeye alikaa mlangoni akaangalia miguu yake. Mke wangu akasimama katikati kupokea maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia. "Mama anauliza habari za Musoma." "Mwambie nzuri." "Anasema nzuri." Tulikuwa tunacheka baadaye njiani mpaka mbavu zinauma. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo alipoondoka hata mjukuu wa kutumwa maneno hakuwepo.

Mwaka wa kwanza wa msiba nilikwenda Butiama mara tatu. Kila mara nilimwomba mkaza mwana, ambaye ni shemeji yangu, amwambie mama kwamba natamani aje aone alipolala mwanawe. Na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Mwambie mkwe wangu," alisema mama, akitazama chini, "atanibeba nani? Yeye?"

Vijana wawili wa ukoo wao walijitolea kumbeba. Akasema hao wana haraka, watamwangusha. Jirani mmoja akaleta mkokoteni wenye godoro. Akasema yeye si gunia la mtama. Mimi nilielewa kwamba shida ni heshima, na kwamba kinachotakiwa ni kitu kisicho na mikono. Ndiyo maana nilipoiona ile picha nilijiona nimepata ufumbuzi ambao hata wazee wa kimila hawakuufikiria. Nilijisifu, maana hakuna mwingine aliyenisifu.

Yadi ya Bunda iko kando ya barabara kuu, magari sita juu ya kokoto, na ng'ombe wanapita nyuma yake kwenda malishoni. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye michongoma yote. Dalali alikuwa mnene, mchangamfu, muongo wa kawaida tu. Alinionyesha mlango unaojifunga wenyewe, ambao haukujifunga. Akanionyesha kamera ya nyuma, iliyoonyesha giza. Akanionyesha kisanduku cha kupoozea soda, nacho kilikuwa cha moto.

"Ni betri imelala tu, tiicha," alisema. "Hizi zinafanyaga kazi vizuri sana zikishatembea."

"Na kiti?"

"Kiti ndiyo kabisa! Kaa."

Nilikaa. Akabonyeza. Kiti kiliguna, kikageuka robo, kikasimama. Nikabaki pale nimeelekezwa kwenye vichaka, goti moja ndani na moja nje, huku dalali akiipiga rimoti kiganjani. Mtu mwenye akili angeshuka, akaaga, akarudi zake Musoma. Mimi niliona pamba ikipeperuka mbele yangu, nikasikia kwa mbali mtu akiita ng'ombe wake kwa majina, na nikawa na hakika isiyo na sababu kwamba kiti kile kitatembea. Nilinunua mbuzi kwenye gunia, tena gunia likiwa wazi.

Kurudi nyumbani nilikwenda polepole. Jua lilikuwa linatua upande wa ziwa, na mwanamke wa Kijapani kila baada ya muda alinieleza jambo kwa subira. Nilijikuta namjibu. Nilimwambia tumefika wapi, na mvua zilivyokuwa, na kwamba kiti cha nyuma mke wangu angekipenda kwa sababu alikuwa anapenda kunyoosha miguu. Nilitazama kiti cha nyuma kwenye kioo cha ndani ili nione kama mke wangu ananisikiliza. Hakukuwa na mtu, lakini sikushtuka, wala sikuacha kuongea mpaka Musoma.

Fundi wa umeme wa mjini alikaa na gari siku nne. Siku ya nne alinipigia akicheka. Kiti hakikuwa kibovu. Kilikuwa na masharti: gia iwe kwenye P ya kuegesha, mlango uwe wazi mpaka mwisho, breki ya mkono iwe imevutwa. Kikikosa moja, kinagoma. Nilimwambia nimeshawahi kuwa na wakuu wa shule wa namna hiyo. Nilikipandisha na kukishusha mara kumi na moja nje ya karakana, na watu walisimama kutazama mwalimu mzima akicheza.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kumtuma shemeji amweleze mama habari za kiti, nilikwenda Butiama. Nilisimamisha gari mbele ya mlango wa mama, nikatoa kiti nje, nikajitenga mpaka kwenye zizi. Shemeji akasukuma kiti cha magurudumu mpaka ubavuni, na mama, ambaye mikono yake bado ina nguvu za miaka ya jembe, akajihamisha mwenyewe. Alikuwa na lile gauni la kanisani. Alipobonyeza rimoti na kuanza kupaa, majirani walipiga vigelegele. Yeye hakucheka. Nilidhani anaogopa mashine.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Kiti kile ni cha mbele. Kingemweka mama mkwe wangu bega kwa bega na mimi, kutoka Butiama mpaka Murangi! Nilikuwa nimenunua gari zima ili nisimguse, nikasahau kwamba dereva pia hukaa mahali. Shemeji alinitazama, akanielewa, akaingia ndani na kutoka na kanga. Akaifunga juu kwenye mshikio, akaipitisha katikati, akaifunga kwenye nguzo ya kiti changu. Kanga ikaning'inia kati yetu kama pazia la chumba.

Basi tukaenda hivyo. Upande wa kushoto sikuona kitu. Shemeji aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa kioo changu. "Kushoto pako wazi, shemeji." "Kuna baiskeli, subiri." Upepo ulipoingia kanga ilijaa, ikanigusa bega, ikarudi. Sikumsikia mama akipumua. Tulipita miamba mikubwa, tukaingia barabara ya Majita iendayo Murangi, vumbi likapanda, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno ila yule mwanamke wa Kijapani. Nilifurahi, nasema kweli. Nilikuwa nimebeba kitu cha mke wangu kwenda kwake.

Murangi tulifika saa sita. Niliingiza gari mpaka karibu na kaburi, nikalisogeza hadi mlango wa abiria ukalitazama kaburi kutoka hatua tatu hivi. Shemeji akaufungua mlango mpaka mwisho, kisha akaenda kwa jirani anayetunza funguo za nyumba. Nilibaki nimeshika usukani, nasubiri kusikia mashine.

Haikulia.

Nilitazama gia: P. Breki ya mkono: juu. Nilizima, nikawasha tena, mwanamke akatusalimu. Kimya. Nilimlaani dalali, nikamlaani fundi, nikajilaani mwenyewe niliyeona muujiza kwenye yadi ya kokoto. Kumfikisha mama hatua tatu kutoka kwa mwanawe halafu waya ukatike! Nilishuka, nikafungua boneti, nikagusa nyaya nisizozijua, nikafunga. Mwishowe nikazunguka upande wake, macho nimeyaweka chini kwenye mchanga, nikaangalia kama mlango umenasa kitu. Haukunasa. Ikanibidi niangalie rimoti.

Ilikuwa mapajani mwake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa ngumi, mbali nayo.

"Kiti ni kizima," alisema. "Sijabonyeza."

Alikuwa anasema na mimi. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nilisahau adabu, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikaona macho ya mke wangu yamezeeka.

"Huyu mtoto alikuwa anakuja kila Krismasi," alisema. "Mwaka mwingine haji, mvua, au wewe uko na mitihani. Basi nakaaga namngoja. Hii miaka miwili nimemngoja hivyo hivyo. Nasema yuko kwa mume wake, Musoma ni mbali. Wewe ukija kuniita, nasema atanibeba nani. Wale vijana wangenibeba, mkwe. Ningetaka, ningebebwa hata na mkokoteni." Aliitazama rimoti. "Ukaniletea kiti. Nikakosa cha kusema."

Nilisimama pale jua likinipiga utosini. Aibu ilinipata, na baada ya aibu kitu kingine, kwa sababu nilijua anachosema. Kwangu pia nguo za mke wangu bado zilikuwa kabatini, zimepigwa pasi. Mimi niliongea na kiti cha nyuma kutoka Bunda mpaka Musoma. Miezi yote ile nilisema ninahangaika kwa ajili ya mama, na wakati nahangaika, mke wangu alikuwa bado na safari ya kufanyiwa, kana kwamba hajaondoka.

"Mama," nilisema, "kama hutaki, turudi. Siyo lazima leo."

Nikaenda nikakaa chini kwenye mchanga, karibu na kaburi, nikampa mgongo. Upepo ulileta harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni. Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja mawili mawili. Sijui tulikaa muda gani. Kivuli cha gari kilikuwa kifupi, baadaye hakikuwa kifupi. Shemeji alirudi na funguo, akatuona, akageuka akaenda zake nyuma ya nyumba.

Kisha mashine ikalia. Sikugeuka. Niliisikia ikizunguka, ikitoka, ikishuka, polepole kama ilivyoundwa, na nikasikia nyayo zake mbili zikitua kwenye mchanga nyuma yangu.

Alilia kwanza, bila sauti kubwa. Nami nililia, nikiwa nimempa mgongo. Tulipomaliza aliniuliza swali ambalo, kwa miaka miwili, hapakuwa na mtu wa kulipitisha kutoka kwake kuja kwangu.

"Siku ile ya mwisho alikula?"

"Alikula, mama. Uji wa ulezi, nusu kikombe."

"Nani alimpikia?"

"Mimi."

Alilitazama kaburi.

"Asante," alisema. "Mimi nilidhani aliondoka na njaa."