Siku Nilipovaa Pedi za Damas

Ipo Jumapili moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na sitaki kuisahau, ingawa kila nikiikumbuka uso unapata joto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa uuguzi hapa London, nimepanga chumba kimoja Hounslow. Kitu pekee kilichonizuia nisilie kila wiki kwa kuikumbuka Moshi kilikuwa timu yetu ya mpira wa magongo.

Juzi ulinisomea ulichoandika kwenye kundi la simu la mashabiki wa timu hiyo hiyo. Uliandika kwamba meneja hajui kazi, kwamba nahodha amezeeka, na yule mlinzi wa kushoto ukamwita gunia. Wenzako wakacheka. Ukaniangalia ukitegemea na mimi nicheke. Sikucheka, na wala sikukasirika. Nilijiona mimi mwenyewe. Kwa hiyo kaa hapa, chukua chai, unisikilize. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu tu, nimeshazoea.

Timu yetu ilianzishwa na watu wa kwetu: Masingasinga waliotoka Nairobi na Kisumu, Wagoa wa Dar es Salaam, na baadaye Waafrika wachache kama sisi. Kwenye ratiba ya ligi ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tuliiita Wanyumbani, hata tulipocheza ugenini. Kiongozi wake alikuwa Mzee Gurdev, Singasinga wa Kisumu aliyekuwa na duka la masanduku ya safari. Huyo ndiye aliyekuwa meneja, kocha na dereva wa basi dogo la timu, na mke wake ndiye aliyetukaangia kachori za baada ya mechi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi wa Kisumu, kinaruka baadhi ya viambishi lakini hakikosi shabaha.

Mimi nilikuwa nimecheza winga ya kulia nikiwa sekondari, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Kila Jumamosi nilisimama pembeni mwa uwanja na mwavuli wangu, ndege zikipita chini juu ya vichwa vyetu, nikipiga kelele. Na msimu ule kulikuwa na mengi ya kupigia kelele. Tulikuwa mkiani. Tulikuwa na washambuliaji wengi kupita kiasi, kiungo hatuna, mabeki wazito. Golini alisimama Damas, kijana wa Songea, mpakia mizigo kule uwanja wa ndege, mpole, asiyesema sana.

Jumamosi moja tukafungwa saba bila. Kesho yake ulikuwa mkutano mkuu wa klabu.

Nilikwenda nimejiandaa, mwanangu. Nilikuwa na karatasi. Ilipofika zamu ya wanachama kutoa maoni nikasimama, nikaanza kuusema uongozi. Nikasema Mzee Gurdev anapanga kikosi kwa urafiki. Nikataja wachezaji wanne wa kutolewa, kwa majina, nao wamekaa mbele yangu wameshika vikombe. Watu wakaanza kucheka pale nilipotia chumvi, na kicheko cha watu, sijui kama umeshakigundua, kinapanda kichwani haraka. Nikafika kwa Damas.

"Na huyu," nikasema, "si kipa. Huyu ni mlango wazi. Hata bila yeye tungefungwa saba hizo hizo, na tungeokoa gharama ya kumfulia jezi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Damas akaweka kikombe chake mezani taratibu, akachukua koti lake, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga vizuri kabisa, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Mzee Gurdev hakunijibu pale. Alishukuru kwa maoni yangu, mkutano ukaendelea. Ulipokwisha akaniita jikoni tuoshe vikombe. Nilidhani atanifanya mjumbe wa kamati, nikakunja mikono ya sweta kwa furaha. Tulikuwa tumeshaosha kama kumi hivi ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Ndeshi, macho yako nzuri. Umeona mambo kweli. Winga mingi, kiungo hakuna. Hiyo sawa." Akasuuza kikombe kingine. "Sasa niambie. Jumamosi nani atasimama golini?"

Nikasema atafutwe mtu.

"Nani?"

Nilikuwa na majina manne ya kutoa, sikuwa na hata moja la kuingiza.

"Mimi natafuta kipa miaka miwili," akasema. "Kila mtu nataka kufunga goli, hakuna mtu nataka kusimama mbele ya mpira. Damas alikuja mwenyewe. Alisema, mzee, kama hakuna mtu, mimi nitasimama." Akakausha mikono. "Kuja mazoezini Jumatano, binti yangu. Leta viatu."

Ndivyo alivyonikemea. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na bomba la maji.

Jumatano jioni nilikwenda. Damas hakuwepo. Wachezaji wamesimama katikati ya uwanja wa nyasi bandia, mvua nyembamba inanyesha, na begi la kipa limelala kwenye mstari wa goli kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mzee Gurdev akalionyesha kwa kidole.

"Leo tunafanya kona fupi. Bila kipa hakuna mazoezi. Vaa, Ndeshi."

Nilivaa. Pedi zile za kukinga miguu zilinifika mapajani, zilikuwa baridi na nzito, na ndani ya kofia ya chuma kulikuwa na harufu ya jasho la mtu mwingine. Kona fupi ni hivi: mpira unatolewa kwenye mstari wa nyuma, mshambuliaji anausubiri ukingoni mwa nusu duara, anaupiga kwa nguvu zake zote, na walinzi wako wachache wanakimbia mbele kuziba. Ukiwa pembeni na mwavuli unaona kila kitu. Ukiwa golini unaona migongo. Niliona mgongo wa Melvin, beki wetu mkubwa, halafu nikasikia mlio wa ubao wa goli nyuma yangu. Sikuwa hata nimeuona mpira. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikauona, lakini nilipouona ulikuwa umeshanipiga bega.

Walinifunga mara tisa. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko bega. Walikuwa wanaume wa kazi, wamechoka, na wangeweza kunilipa pale pale kwa maneno yangu ya Jumapili. Walinisaidia tu kuinuka, wakarudi kwenye nafasi zao. Niliporudi chumbani nilikuwa na alama ya buluu kubwa kama kisahani cha chai.

Kesho yake baada ya masomo nilikwenda kwa Damas. Alikaa chumba cha juu ya kinyozi. Alifungua mlango akiwa ameshika pasi, anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Sista," akasema, kwa sababu sisi wote wa hospitali alituita sista. "Umekuja kuhesabu mabao?"

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka Damas. Jana nilisimama golini."

Akaniangalia kidogo. "Walikufunga ngapi?"

"Tisa."

Akajitahidi asicheke, akashindwa. Akanikaribisha nikae kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo. Nikamwambia nilivyoona migongo tu. Akaacha pasi, akachukua soksi zake, akazipanga juu ya meza ya kupigia pasi: hii Melvin, hii mimi, hii mpiga shuti. Akanionyesha jinsi Melvin anavyorudi nyuma badala ya kutoka pembeni, na kumfunika. Alikuwa amemwambia mara nyingi, lakini uwanjani ndege zinapita na sauti haifiki. Yote aliyajua. Mtu niliyemwita mlango wazi alikuwa anaujua mpira ule kuliko mimi na karatasi yangu.

Akakunja soksi zake moja moja.

"Unajua, sista," akasema, "mabao hayaniumi sana. Kipa hufungwa. Ila kule kazini mimi ni namba. Wanaita namba, naenda. Kwenye basi hakuna anayenijua. Jumamosi tu ndiyo siku watu wanapiga kelele, Damas! Damas! Mama yangu kule Songea nimemtumia picha nimevaa zile pedi, ameibandika ukutani. Na wewe ukasimama, ukanipa jina lingine, na watu wakalipenda."

Nilikuwa nimekuja na radhi ndogo, ya watu wawili, na kosa langu lilikuwa la ukumbi mzima. Nikamwambia nitasema mbele ya wote. Akasema, "Sema ukitaka. Mimi sirudi."

Jumamosi ile nilisimama mbele ya timu na mashabiki kabla ya mechi, nikasema nimekosa. Nikasema nilimvunjia heshima Damas na wale wenzake watatu, na kwamba Mzee Gurdev hapangi kwa urafiki, anapanga waliopo. Damas hakuwepo kunisikia. Melvin akasimama golini, tukafungwa tano, na mvua ikanyesha mpaka mwisho.

Lakini mtu alimpelekea habari. Jumatano iliyofuata alikuja mazoezini na sare yake ya kazi chini ya koti, akaenda moja kwa moja kwenye begi lake, akaanza kufunga kamba za pedi. Wenzake wakamwita, Damas! Damas! Mimi nilikuwa pembeni, nikageuka upande wa maegesho ya magari ili wasinione.

Baada ya hapo tulifanya kazi, yeye na mimi. Tulimwomba Mzee Gurdev ruhusa ya kujaribu jambo: Damas apige gongo lake kwenye ubao wa goli, mara moja Melvin atoke kulia, mara mbili atoke kushoto. Mlio wa ubao hata ndege haiuzimi. Melvin alinuna wiki mbili, halafu akazoea. Mimi nikawa nasimama nyuma ya goli, siyo pembeni tena, naandika ninachokiona, namkabidhi kocha baada ya mechi, mkononi mwake, siyo masikioni mwa watu.

Ningependa kukuambia kwamba tulichukua kombe. Tulishuka daraja, mwanangu. Mechi ya mwisho tulifungwa moja bila, na Damas aliokoa kona fupi nne. Ile ya nne aliiokoa kwa kiatu, amelala chini, na hata mashabiki wa wale wengine walipiga makofi. Tulishuka, lakini hakuna aliyeondoka. Msimu uliofuata Mzee Gurdev aliniingiza kwenye kamati ya kuchagua kikosi, mwanamke wa kwanza, na nilikaa humo miaka mingi. Ni yeye aliyenitetea kwa wazee walioguna. Alipofariki, wanawe waliniomba niwe miongoni mwa waliozungumza msibani, na nilichosema ni kwamba alinirudi jikoni wakati angeweza kunirudi ukumbini. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Na Damas unamjua. Ni huyo mjomba wako anayekaa Hayes, aliyekufundisha kushika gongo ukiwa hujaanza shule. Alinisamehe, kisha akawa ndugu. Nisingekuwa naye katika maisha haya ya ugenini kama asingerudi ile Jumatano, na kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana nikisali huanza na shukrani.

Sasa nikuambie ninachotaka. Sikukatazi kuisema timu. Uliyoandika mengine ni kweli: kikosi kina wazee wengi upande wa kushoto, na meneja hajibu barua za mashabiki, hata mimi hajanijibu. Ila nenda ukamwone. Muulize ana wachezaji wangapi wanaoweza kuja Jumamosi, nani anafanya kazi zamu, nani ana mtoto mgonjwa, ndipo umwambie unachokiona. Sema mchezo, usimseme mtu. Huyo uliyemwita gunia ana jina, na huenda uwanjani ndipo mahali pekee katika mji huu anapoitwa kwa jina hilo. Ukitaka mtu atoke, uwe umejua nani ataingia, na kama hakuna, basi beba hata chupa za maji. Na kwa kuwa uliandika mbele ya watu mia, usimwombe radhi kwa siri. Andika pale pale ulipoandika. Utaona aibu, ndiyo. Aibu hiyo mimi nimeishi nayo, haiui mtu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho ya kuona kosa na mdomo wa kulisema kwa upole, akuweke karibu na watu wa kukurudi bila kukuvunja. Na siku utakapokosa, maana utakosa, wewe ni wangu, akujalie mtu atakayekufungulia mlango.