Adapta Dirishani

Jirani zangu waliamini kwamba nawachungulia, na wakanyamaza. Aliyekuja kulitangaza jambo hilo kwa mtaa mzima ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, watu wakitoka msikitini. Hata leo nikipita pale barazani hutazama viatu vyangu.

Nyumba yetu hapa Mji wa Kale ni ya mawe, ya zamani, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa na kunyoosha miguu kwenye kizingiti cha dirisha. Chumba cha juu kina dirisha moja la mbao. Linatazamana na dirisha la jirani, na kichochoro kilicho katikati ni chembamba, watu wawili wakikutana na vikapu lazima mmoja ajibanze. Ng'ambo ya pili anakaa mama mjane, makamo ya marehemu mamangu, na binti zake wawili. Chumba chao kinachotuelekea ndicho wanachoshinda mchana, vichwa wazi, wakishona na kupiga soga, maana ni kwao na hawana wa kumwonea haya.

Kwa ajili hiyo marehemu baba aliweka fimbo kando ya dirisha letu. Kabla ya kulifungua alikuwa akizigonga mbao kwa ile fimbo, kisha anangoja. Ng'ambo watu wanajifunika au wanafunga mbao zao, ndipo naye anafungua, anapata upepo wake, akimaliza anafunga. Hapakuwa na mtu aliyetufundisha kwa maneno. Niliusikia mlio ule wa fimbo tangu utotoni, na fimbo yenyewe bado iko palepale.

Mimi kazi yangu ni kushughulikia karatasi za mizigo ya bandarini Kilindini. Siku hizi karatasi zenyewe hazipo tena, kila kitu hupitia kwenye mtandao, na mwenye kampuni alipoona hivyo alifunga ofisi akatuambia kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake. Akanipa na kompyuta niliyoizoea, ile ya kuweka mezani, nzito kama gunia la mchele. Niliipandisha ngazi kwa jasho na manung'uniko mpaka chumba cha juu, nikaiwasha, ndipo nikagundua kwamba haina waifai. Ofisini ilikuwa ikichomekwa waya uliotoka ukutani, na mimi siku zote nilidhani mtandao umo humo ndani yake. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikufurahishwa.

Waifai yenyewe haikuwa yetu. Mama wa ng'ambo aliposikia kwamba nafanyia kazi nyumbani, alimwambia mke wangu, "Kwani mwalipa ya nini na yetu ipo? Yatutosha sote." Bintiye mkubwa akalitia neno lao la siri kwenye simu ya mke wangu na yangu, jioni hiyohiyo, na hakuna aliyetaja malipo. Simu zilishika vizuri kule chini mlangoni. Iliyobaki kiziwi ni kompyuta.

Nikaenda Bondeni, kwenye duka la chaja, vioo vya simu na waya za kila namna. Muuzaji alinitolea adapta mbili, zote za kuchomeka kwenye tundu la USB. Moja ilikuwa ndogo kama ukucha. Ya pili ilikuwa lidude: kitako cha duara, waya mrefu, antena imesimama wima, na mbele yake taa ya buluu. Akasema ndogo yamfaa aliye karibu na kisanduku cha waifai, kubwa yamfaa aliye mbali. Mimi nikajipigia hesabu zangu kwamba niko karibu, kichochoro tu. Kuta sikuzitia hesabuni. Tena ile kubwa ilikuwa mbaya, nami sipendi vitu vibaya mezani kwangu.

Ile ndogo ilinitesa. Kwanza ilitaka programu ya kuiendesha, na programu ilikuwa kwenye sidii, na kompyuta yangu haina pa kutia sidii. Maandishi ya kwenye boksi yakasema programu hiyo inapatikana pia mtandaoni. Yaani nipate mtandao ili nipate kitu cha kunipatia mtandao! Nililitukana boksi lile kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kidogo ninachokijua. Mwishowe niliunganisha simu na kompyuta kwa waya wa chaja, kompyuta ikaazima mtandao wa simu kwa data ya kununua, programu ikashuka, adapta ikatambuliwa. Majina ya mitandao ya majirani yakajipanga kwenye skrini, na wa mama wa ng'ambo ukiwemo. Nikauchagua, nikaandika neno la siri, ukashika, ukakatika, ukashika, ukakatika. Nilipeleka hati ya kontena ya mteja ikafika nusu.

Nikarudi Bondeni kichwa chini na kulichukua lile lidude. Juu ya meza lilishika kidogo. Nikaanza kutembea nalo chumbani, kadiri waya ulivyoniruhusu, nikilielekeza huku na huku, macho kwenye skrini. Nilipolifikisha dirishani na kufungua mbao, alama za mtandao zikajaa zote. Nikapiga kelele ya furaha. Nikalisimamisha pale kwenye kizingiti, antena juu, taa ya buluu ikikonyeza upande wa ng'ambo, nikaziacha mbao wazi tangu asubuhi hadi magharibi, siku ile na siku zilizofuata. Mimi mwenyewe nilikaa nimelipa dirisha mgongo. Fimbo ya baba ilikuwa imeegemea ukuta pembeni, na wala sikuikumbuka.

Haukupita muda, dirisha la ng'ambo likafungwa. Sikushtuka. Likaendelea kufungwa, nalo joto la kaskazi lilikuwa limepamba moto, joto la kumfanya mtu alowe akiwa amekaa tu. Kamba yao ya nguo iliyokuwa chini ya dirisha ikatolewa. Wale mabinti wakikutana na mke wangu mlangoni wanamsalimia kwa adabu zote lakini hawasimami. Mke wangu akaniuliza kama tuna kosa. Nikamwambia kosa letu ni waifai, wametupa na sasa roho inawauma, na badala ya kusema wameamua kununa. Niliamini hivyo kwa dhati. Kila nilipoliona dirisha lile limefungwa nilifura, nikasema moyoni kwamba heri mtu akunyime kuliko akupe kisha akununie. Na huku nasema hivyo, natumia waifai yao kutwa nzima.

Alasiri moja nikashindwa kuvumilia. Niliswali, nikatoka msikitini mapema, nikamkuta yule mama amekaa kwenye baraza ya mlango wake akichambua mchicha. Nikampa mkono kwa heshima, maana ni kama mzazi wangu.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, mimi nimekuja kuuliza. Tumewakosea nini?"

"Hapana neno, baba."

"Neno lipo. Dirisha lafungwa, salamu za mbiombio. Kama ni waifai mwaitaka wenyewe, niambie. Sitakasirika." Nami nilikuwa nimeshakasirika.

Aliweka mchicha kwenye ungo. Akatazama mwanzo wa kichochoro, akatazama mwisho wake, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Si waifai. Wasichana waona haya na kile kitu chako cha dirishani. Kina jito, chawatazama."

Hapo ndipo ningepaswa kuinama na kusema kwa sauti ya chini kama yake. Kwani yeye alikuwa amelificha jambo lile kwa siku zote hizo, hakumwambia mtu, hata mke wangu hakumwambia, ili jina langu lisichafuke. Lakini mimi damu ilinipanda kichwani. Nilisimama, nikainua mikono.

"Si kamera ile!" nikapayuka. "Wallahi si kamera! Mimi, na umri wangu huu, nikae dirishani niwachungulie wasichana? Mimi?"

Kichochoro kile ni cha mawe pande zote mbili, na sauti haina pa kwenda ila kwenye masikio ya watu. Watu walikuwa ndio wanatoka msikitini. Wale waliokuwa mbele walisimama, waliokuwa nyuma wakawagonga. Kichwa kimoja kilichomoza dirishani, na kingine. Hakuna aliyekuwa amesikia tuhuma yoyote, walichosikia ni mtu mzima akiapa kwamba hachungulii wasichana. Nikaona nyuso zao zinavyobadilika, nikafahamu nilichofanya. Na si langu tu nililolimwaga. Nilikuwa nimewatangazia wanaume wa mtaa kwamba mabinti wa nyumba ile hukaa dirishani na kuna wa kuwaona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na sauti yangu.

Yule mama alijivutia buibui usoni. Hakuwatazama watu. Akasema, kama mtu anayemtuliza mtoto, "Basi, baba. Basi. Ndoo twende kwako nikakione."

Tulipanda ngazi, yeye mbele polepole ameshika ukuta, mke wangu nyuma amebeba leso ya kujifunika ambayo hakuihitaji, ila alitaka kushika kitu. Chumbani nilimwonyesha lile lidude. Nikamgeuzia huku na huku, nikamwonyesha hakuna kioo, taa tu. Nikamwita aje kwenye skrini aone hakuna picha ya nyumba yake. Nilisema mengi na kwa haraka. Aliniacha nimalize.

"Nakuamini," akasema. "Tangu mwanzo mimi sikusema ni kamera, wasemao ni watoto. Mimi nililoliona ni dirisha. Babako hakulifungua hata siku moja asibishe."

Nikatazama fimbo. Vumbi lilikuwa limeikalia. Nilikuwa nimejitayarishia majibu ya kamera tu. Ni kweli, niliwapa mgongo, lakini wao wangejuaje kama kichwa changu kimegeuka au hakikugeuka? Tangu asubuhi hadi magharibi walikuwa na mwanamume mbele ya dirisha lao, bila hodi, bila hata kikohozi.

"Nitakitoa," nikasema. "Leo hii."

"Na kazi?"

Akalisogelea lile lidude, akalitazama kwa karibu, akaligusa antena kwa ncha ya kidole. "Hiki," akauliza, "hakisikii mpaka mbao ziwe wazi?"

Nilifungua mdomo niseme ndivyo, nikakumbuka kwamba sijapata kujaribu. Siku ile ya kwanza nilifungua mbao na kulisogeza kwa pamoja, nikaona alama zimejaa, nikashangilia, basi. Nilizivuta mbao zote mbili nikazifunga, nikatia komeo. Chumba kikawa na giza, skrini peke yake ndiyo inawaka. Sote watatu tukazitazama alama za mtandao. Hazikupungua hata moja. Kinachozuia ni mawe, mbao hazikuwa na neno. Siku zote zile za joto, wao wamejifungia na mimi nawanunia, kumbe ingetosha nifunge dirisha langu.

Mke wangu alitoka chumbani. Nafikiri alikuwa akiniona haya, na alikuwa na haki.

Nilimsindikiza yule mama kushuka. Katikati ya ngazi alipumzika, mkono ukutani. "Wasichana walitaka kulibadilisha lile neno la siri," akasema, bila kunigeukia. "Walinambia ni dakika moja tu, akatike. Nikawakataza. Nikawambia huyu ana kazi, na ana watoto wa kulisha. Sisi tufungeni dirisha letu." Kisha akaendelea kushuka.

Wanaume wa barazani wamenipa jina. Nikipita, mmoja huziba uso kwa kiganja na kusema, "Jifunikeni, bwana kamera huyo!" na wengine hucheka, nami nacheka pamoja nao kwa sababu nikikasirika nitapayuka tena. Hayo nayavumilia. Ninaloshindwa kulivumilia ni kwamba dirisha la ng'ambo liliendelea kufungwa hata baada ya langu kufungwa, kwani sasa wale mabinti wanajua kwamba mtaa mzima unalitazama. Hilo nimewafanyia kwa mdomo, na hakuna fimbo ya kuligonga likarudi.

Asubuhi ya jana nilisikia komeo lao likivutwa. Taratibu, ubao mmoja, kisha wa pili. Nikasikia cherehani, nikasikia mmoja akimwambia mwenziwe kitu na mwenziwe akicheka. Nilikuwa gizani nyuma ya mbao zangu, vidole juu ya vitufe, sikuthubutu hata kukohoa wasije wakakumbuka kwamba nipo. Mbele yangu kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Kila asubuhi nikiiwasha huingia kwao yenyewe, bila kubisha, na wao hawajaifungia mlango.