Mume wangu alisomea uofisa kwa Madam, mimi nikakaa pembeni na ungo wangu (Mpanda, miaka ya tisini)

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu habari za leo.

Kuna kijana kaanzisha uzi humu anasema wivu ni ugonjwa, mwenye nao akapimwe. Comments nyingi mnamuunga mkono. Nimezisoma zote nikacheka peke yangu, nikasema ngoja na mimi mama mtu mzima nilete ya kwangu.

Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo hai na watoto wao wanapita humu. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, chumvi sijatia.

Ni katikati ya miaka ya tisini. Nyie mnaoijua Katavi kama mkoa, wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa. Ukitaka kwenda mbali unapanda treni mpaka Tabora, hapo ndiyo unajua umetoka.

Mimi ni Msukuma wa Kasansa, wazazi walihamia na ng'ombe. Nilimaliza darasa la saba, sekondari sikwenda. Nikaolewa na Festo, Mfipa, sajenti wa jeshi. Tulipanga Makanyagio, hapo Mpanda mjini, tuna mtoto mmoja, Neema. Mpunga nalima Mwamkulu, mchele nauza sokoni.

Festo hakuwa mtu wa maneno. Anarudi, anavua viatu, anamrusha Neema juu mara mbili tatu, anakula, basi.

Siku moja karudi hajavua hata viatu.

"Mama Neema, wamepeleka jina langu. Nikifaulu mtihani naenda kozi ya uofisa."

Kwa asiyejua maisha ya kambi, sajenti kuwa ofisa ni kama kuhama nchi. Mnakula sehemu tofauti, mnakaa sehemu tofauti, hata wake zenu wanasalimiwa tofauti. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Sasa mtihani wenyewe. Silaha anazijua. Kusoma ramani ya vita anajua kama njia ya chooni. Kilichomtoa jasho ni mahusiano ya nchi za nje na mambo ya dunia, wenyewe waliita current affairs. Kwa nini Urusi imevunjika. Nchi gani zina kura ya veto. Yugoslavia wanapigania nini. Tanzania ina msimamo gani na majirani zake.

Festo ukimuuliza Urusi ilivunjikaje anakwambia, "Waligombana." Kamaliza.

Akatafuta mwalimu. Akampata Madam Odilia.

Huyu Madam alikuwa anafundisha historia na siasa sekondari. Mgeni, kaletwa na serikali kutoka Bukoba. Hajaolewa. Ana baiskeli, ana redio kubwa inayoshika stesheni za nje, na anatembea kama barabara yote ya kwake. Mpanda nzima ilikuwa inamjua.

Wakawa wanasoma shuleni kwake jioni, wanafunzi wakishaondoka.

Mwanzoni sikuwa na neno. Halafu nikaanza kuona vitu.

Festo akaanza kupiga pasi mwenyewe. Mtu niliyekuwa namlazimisha kuchana nywele, sasa anapaka mafuta, anajipulizia pafyumu, anajitazama kwenye kioo cha Neema kilichovunjika pembeni, anageuka huku na huku.

Akaanza kuongea. Tunakula ugali na samaki wa migebuka, yeye anasema habari za mabeberu na nchi zisizofungamana na upande wowote. Kila sentensi inaanza "Madam anasema".

Halafu siku moja lile neno Madam likadondoka. Akasema, "Odilia anasema Zaire haikai muda mrefu."

Wakuu, tonge lilinikwama. Zaire ikae isikae mimi inanihusu nini. Mimi nimesikia Odilia tu.

Sokoni nilikuwa nakaa meza moja na Mama Esperansi. Yeye alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, alikuja mjini kuuza mawese na maharage. Nikamwaga yote kwake. Akanisikiliza, akafunika mawese yake vizuri, ndipo akauliza:

"Mama Neema, huyo mume wako anasoma au anasomwa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi niliye hapa nitajuaje? Usiende kupigana, utachekwa. Waite wasomee kwako. Kama ni kusoma watasoma. Kama ni kingine hakiwezi kufanyika mbele yako."

Niliona ana akili. Jioni nikamwambia Festo amlete mwalimu nyumbani, meza ipo, chai ipo.

Akakataa haraka mno. Mara Madam ana mambo mengi, mara mtoto atapiga kelele, mara nitasumbuka.

"Nisumbuke kwa chai?"

Akanyanyuka, akatoka nje. Hapo ndiyo wivu ukanikamata shingo.

Kesho yake nikajifunga khanga mpya, nikaenda shuleni mwenyewe. Nilimkuta darasani anafuta ubao. Mkono mweupe kwa chaki. Alivyokuwa mzuri, nilivyomwona kwa karibu hivyo, nilizidi kuumia.

Akanipokea vizuri. "Karibu dada. Umekuja kwa mwanafunzi gani?"

"Sajenti Festo."

Akatabasamu. "Ooh, wewe ndiye mdogo wake?"

"Mimi ni mke wake."

Akasimama na ile duster mkononi.

"Aliniambia mke wake yuko Kasansa, analima huko, mjini haji."

Nimepitia mengi maishani ila ile dakika sijaisahau. Wivu wote niliokuja nao ulikuwa wa kumhisi yeye. Kumbe aliyenifuta Mpanda ni wa kwangu mwenyewe.

Nilitaka kulia, sikulia. Nikamwambia kama nilivyopanga: "Nimekuja kukukaribisha. Msomee nyumbani kwetu."

Alinitazama sana. "Nitakuja," akasema. "Jina lako wewe nani?"

"Mama Neema."

"Hilo la mtoto. Lako?"

"Kwandu."

Jumamosi mchana Festo yuko barazani anasafisha viatu, anaona baiskeli inaingia uani. Madam juu, ramani imekunjwa nyuma kwenye keria. Mume wangu alisimama kama kaitwa na mkuu wa kambi. Mimi nikasema tu, "Baba Neema, mgeni wako," nikaenda kuteka maji ya chai.

Tulikaa na lile neno la Kasansa katikati yetu, hakuna aliyeligusa.

Basi wakawa wanasomea barazani kwetu. Ramani ya dunia wanaitandaza mezani, ya zamani, Urusi bado kubwa nzima, Madam alikuwa ameichorea mipaka mipya kwa kalamu nyekundu. Mimi nakaa pembeni kwenye mkeka na ungo wa mchele. Watu wanadhani nachambua mawe. Nilikuwa nachunga vidole.

Naomba mnielewe hapa. Jiografia yote ninayoijua niliisoma kwa wivu. Yugoslavia naijua kwa sababu vidole vyao viligusana hapo, na havikuachana haraka. Kuwait naijua, Madam aliinama akamwonyesha, nywele zake zikapita karibu na shavu la mume wangu. Afrika Kusini naijua kwa sababu walicheka pamoja wakiizungumzia, sikujua wanacheka nini, ikabidi nisikilize zaidi.

Na ukisikiliza ili ukamate neno moja baya, utasikia na mengine yote.

Siku moja wamefika somo la majirani. Madam anaeleza kwa nini Warundi walikimbilia huku tangu mwaka sabini na mbili. Mama Esperansi alikuwa amekuja kunirudishia debe, kasimama uani. Festo akamwita kwa heshima kabisa:

"Mama, hebu tusaidie. Nyie mlikimbia kwa sababu gani hasa?"

Mama Esperansi akaweka debe chini.

"Sajenti, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Mama akifika hapo kwenye habari hiyo ananyamaza, mpaka leo. Andika wanavyotaka kwenye mtihani."

Akaaga, akaondoka. Madam akaikunja ramani kabla ya muda wake.

Mimi nilibaki na swali, lilinikaa wiki nzima, jikoni, shambani, kwenye mzani wa mchele. Jumamosi iliyofuata wanazungumzia nchi kubwa na nchi ndogo, likanitoka.

"Samahani Madam. Hawa wakubwa wakigombana, kwa nini sisi wadogo ndiyo tunaulizwa tuko upande gani? Wao mbona hawatuulizi kabla hawajagombana?"

Festo akageuka kama vile ungo umeongea.

Madam aliweka kikombe chini. Akavuta kiti, akakigeuza upande wangu, akaanza kunijibu mimi. Alijibu muda mrefu. Akaniuliza na yeye, nikajibu, akakataa jibu langu, nikabisha. Nilibisha wakuu! Mchele uko mapajani, kuku wanakula pembeni, siwaoni.

Mume wangu akakohoa.

"Mama Neema, chai imepoa."

Nikamwangalia. Uso ule niliujua, nilikuwa nimeuvaa mimi miezi yote ile. Festo alikuwa anaona wivu. Hajui amwonee nani, mimi au mwalimu wake, ila alikuwa anawaka.

Tangu hapo Madam akija ana kitabu changu kwenye kikapu. Festo akawa mkali. "Mtihani ni wangu au wenu?" Nikampikia, nikamfulia, nikakaa kimya, na kitabu nikasoma.

Siku ya kwenda Tabora kufanya mtihani tulikuwa stesheni sisi wawili, tunasubiri treni. Nikaona hapa hapa.

"Kwa nini ulisema niko Kasansa?"

Akacheza na kamba ya begi lake.

"Niliona aibu."

"Aibu yangu? Kwa sababu la saba?"

"Aibu yangu mimi. Mwanamke ananiuliza maswali ya watoto wa form two, nashindwa, nakaa kama ng'ombe. Nilijua akikujua, utakuja. Sikutaka uone."

"Na ile pafyumu ilikuwa ya aibu?"

Treni ikapiga honi. Akadaka begi, akapanda.

Mtihani alifaulu. Kozi akaitwa. Siku anaondoka kwenda kozi nilisimama pale pale stesheni, safari hii na Madam Odilia na Neema. Festo dirishani, sare imenyooka, anapunga mkono, nyuma yake kuna Tabora, kuna Dar, kuna nchi zote zile za mezani kwangu.

Niliumia vile vile kama siku ile ya "Odilia anasema". Lakini Odilia alikuwa amesimama kando yangu, hajapanda treni na mtu. Ndipo nikajua. Nilikuwa namwonea wivu Festo. Anaenda. Mimi narudi kwenye mzani.

Nikamwambia Madam hapo hapo, kabla behewa la mwisho halijapotea, "Nikitaka form four nianzie wapi?"

"Ulishaanza," akasema. "Ulibisha."

Haikuwa rahisi. Festo alirudi likizo akiwa luteni, akakuta daftari mezani, akauliza mke wa ofisa anataka kuwa nani tena. Tuligombana mpaka nikaenda Kasansa kweli, na mtoto, nikakaa huko msimu mzima wa mavuno. Baba yangu alitaka kurudisha ng'ombe wa mahari. Festo alinifuata mwenyewe, kavaa kiraia, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamwambia baba, "Nimekuja kumchukua mwanafunzi." Baba hakuelewa. Mimi nilielewa.

Nilifanya mtihani kama private candidate, mara ya kwanza nikafeli hesabu na Kiingereza, mara ya pili nikapata. Nikaenda ualimu. Nimefundisha shule za msingi Kibaoni na kwingineko mpaka nimestaafu. Somo langu uraia.

Ninachowaambia vijana, hasa mabinti: wivu ukikubana, usikimbilie kuvunja kioo cha mtu wala kupekua simu. Kaa nao kwanza, ujiulize kwa ukweli: ninachokitaka hapa ni nini hasa? Mimi wivu ulinionyesha kitu cha kweli, ila mwanzoni nilikuwa nimekosea mtu.

Na nyie kina baba, mke akiuliza swali mezani, mjibuni. Chai itapashwa.

Aliyewahi kuona wivu kisha akagundua haukuwa wa mapenzi, tupia hapo chini tujifunze. Matusi sitajibu, nina wajukuu wa kulea.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kauliza kama nilishawahi kurudia lile swali la pafyumu. Nilirudia, miaka mingi baadaye, Festo ameshastaafu na Madam alishahamia kwao Bukoba. Tulikuwa tunakula.

Nikamuuliza, "Baba Neema, ulimpenda?"

Akatafuna mpaka akamaliza.

"Kidogo."

Nikamwongezea mboga.

"Hata mimi," nikamwambia.