Swali la Pili la Mwalimu Yusufu

Sisi tuliosoma chuo cha Kurani hapa Kolwezi kabla ya vurugu, tulinuka masizi. Wino tulijitengenezea kwa masizi ya sufuria, tukaandika aya ubaoni, tukaosha, tukaandika tena, na mama zetu wakitugombeza kwa nguo zilizochafuka. Kukariri tu hakukutosha. Mwalimu Yusufu alitaka tafsiri, na kila aya ilikuwa na maswali mawili: ilimshukia nani, na leo inamwambia nani. Ukijibu moja tu, unabaki chuoni wenzako wakienda kula bukari, ugali wetu. Lo, tulivyomwogopa! Na tulivyompenda.

Mwalimu alizaliwa hapa hapa. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, akaja kufanya kazi ya shaba. Vijana walipoanza kupita mitaani wakifukuza Bakasai, watu wa Kasai, hakuna aliyemuuliza amezaliwa wapi.

Alikuja kwetu mchana, na mkewe akiwa na mtoto mgongoni, akaomba chumba hadi treni ya kwenda Kasai ipatikane. Tata, baba yangu, msafirishaji mwenye asili ya Kasongo, alikuwa na vyumba viwili vya mizigo, na siku hizo vilikuwa vitupu. Alikuwa na woga pia, maana ilisemekana anayeficha Mukasai atachomewa nyumba. Mwalimu hakumsihi. Alisoma aya inayowasifu watu wa Madina kwa kuwapokea waliofukuzwa kwao. Tata akanigeukia mi, binti yake, mwanafunzi wa kwanza chuoni.

"Ile aya ilishukia nani?"

"Bantu ba Madina, tata. Ya wakati wa Mtume."

"Basi, haiko ya siye."

Mwalimu akaniangalia, akingoja. Jibu la swali la pili nililijua kama jina langu. Nikamtazama tata usoni, nikainamisha kichwa.

"Umejibu muzuri, mwanangu," Mwalimu akasema. Akamshika mkewe mkono, wakaenda stesheni. Walilala nje wiki nyingi pamoja na wenzao, mvua ikiwanyeshea. Mtoto wao alizikwa karibu na reli kabla treni haijafika.

Siku hizi wajukuu wangu wanafungua simu, wanasoma aya moja, na kabla chai haijapoa kila mmoja ameshakuwa shehe, anahukumu mtaa mzima. Nawacheka. Nawaambia enzi zetu hatukuthubutu kufungua kinywa bila maswali mawili. Halafu naacha kuwacheka, maana hao hawakufundishwa. Mi nilifundishwa.